Shajara ya banda la magari ya farasi: kutoa saruji, kurudisha chokaa

Februari. Kulisoma jengo

Banda hili la magari ya farasi liko kwenye ardhi ya kasri moja katika Bonde la Clwyd, kaskazini-mashariki mwa Wales, si mbali na mji wa Denbigh. Jina la kasri naliacha. Mwenyewe hataki wageni wasioalikwa, na ana haki yake. Sisi ni kikundi kidogo cha mafundi wa majengo ya zamani: waashi wawili, seremala, mwezekaji wa sleti, na mimi ninayeshika chokaa na daftari.

Mtu akisikia kasri hufikiria minara na vita. Wales inayo hayo, tena mengi, lakini makasri mengi yenye banda kama hili ni majumba ya matajiri wa karne ya 19 yaliyovishwa sura ya ngome. Gwrych, karibu na Abergele, lilianza kujengwa mwaka 1819. Penrhyn, karibu na Bangor, lilianza miaka ya 1820, na Margam kule kusini miaka ya 1830. Mbele ya nyumba kubwa msanifu alimwaga mbwembwe zake zote, kisha akaja huku nyuma, kwenye farasi na magari, akajenga kwa akili tupu. Kwangu mimi huku nyuma ndiko kwenye kazi nzuri.

Kuta ni mawe ya chokaa ya bondeni humu humu, hayakuchongwa. Pembe, miimo na matao ni jiwe la mchanga la rangi ya asali kutoka Gwespyr. Paa ni la sleti. Mbele kuna matao matatu ya magari. Mkono wa kushoto kuna zizi la farasi. Kati ya zizi na magari kuna chumba cha matandiko chenye meko. Juu ni dari ya kuwekea nyasi kavu na vyumba viwili vya mwendesha gari, na kuvifikia unapanda ngazi ya mawe iliyojengwa nje, kwenye ukuta wa mwisho upande wa kulia.

Tumepima. Kila tao lina upana wa mita 2.6, na urefu katikati ni mita 3.2. Kina cha chumba ni mita 6 kasoro kidogo. Vipimo hivi havikutoka kwenye kitabu cha urembo. Vimetoka kwenye gari lenyewe: upana wa ekseli na vichwa vya magurudumu, kimo cha kiti cha mwendeshaji, na nafasi ya mtu mmoja kupita ubavuni na ndoo. Kina kinatosha gari lisilo na farasi wala mti wa kukokotea. Mti huo ulichomolewa na kutundikwa, na vigingi vyake bado viko ukutani, viwili viwili, vimelainika kwa kushikwa.

Jengo linatazama kaskazini. Kwa nyumba ya kuishi watu, hasa katika nchi hii, hilo ni jambo la kushangaza, lakini kwa gari la farasi ni busara: mbao zake zilipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, na jua likizipiga moja kwa moja vanishi hupasuka. Adui wa pili ni mkojo wa farasi, ambao mvuke wake wa amonia hula vanishi na kuharibu ngozi za viti. Ndiyo maana chumba cha matandiko kina mlango wa kwenda zizini lakini hakina wa kwenda kwenye magari. Saisi aliyetaka kutoka kwa farasi kwenda kwenye gari alipita nje, mvua isiwe hoja. Na meko ya chumba hicho imejengwa kwenye ukuta wa upande wa magari, dohani likipanda ndani yake. Moto mmoja ulikausha hatamu upande huu na kutia gari joto jepesi upande wa pili.

Adui wa tatu ni unyevu, na huyo ndiye aliyetuleta sisi. Miaka ya 1960 mtu aliupakaza ukuta wa nje saruji ya kijivu mpaka usawa wa kifua, na kutoka hapo kwenda juu akajaza saruji viungo vyote vya mawe, akaisukuma mpaka ikavimba nje ya uso wa jiwe. Alitaka kuzuia mvua. Ndani, mawe yanatoka jasho.

Machi. Makaratasi

Wales ina majengo yaliyoorodheshwa zaidi ya 30,000, katika madaraja ya I, II* na II. Hili letu ni la II. Cadw, chombo cha serikali ya Wales kinachosimamia turathi tangu 1984, ndicho kinachoorodhesha. Ruhusa ya kazi unaiomba halmashauri ya mahali. Tangu Novemba 2024 inatumika sheria mpya ya turathi ya Wales iliyopitishwa 2023, iliyoandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza pamoja. Kwa upande wetu mambo ni yale yale: ukirekebisha jiwe kwa jiwe na mbao kwa mbao, maneno ni machache, ukibadilisha, ujieleze.

Kisha kuna popo. Kwenye dari ya nyasi wanazalia popo wadogo wa jamii ya pua-kwato, *Rhinolophus hipposideros*, wenye uzito wa gramu 5 hadi 9 kila mmoja. Wales ni moja ya ngome zao Ulaya magharibi, na wanapenda hasa mabanda ya namna hii, kwa kuwa hawatambai kwenye nyufa kama popo wengine. Wanataka tundu la kuingia wakiruka na boriti ya kuning'inia wazi. Kibali kutoka Natural Resources Wales, shirika la serikali la mazingira, kinatutaka tuwe tumeshuka kwenye paa la dari hiyo kabla ya Mei, na kitundu cha zamani cha kuingizia nyasi kibaki wazi. Kwa hiyo ratiba yetu imepangwa na popo, na paa linakuja kwanza.

Machi, mwishoni. Paa

Jukwaa limesimama. Sleti za chini kabisa, kwenye upenu, ni kubwa kiasi kwamba mtu mmoja hazibebi mbili. Kadiri unavyopanda ndivyo zinavyopungua, mpaka kwenye mgongo wa paa unakuta za ukubwa wa kiganja na nusu. Hii ni njia ya zamani. Machimbo hutoa sleti za kila saizi, na fundi aliyezipanga hivi hakutupa kitu: kubwa zikakaa chini ambako maji ni mengi na viungo vinatakiwa viwe vichache, ndogo zikapelekwa juu. Machimbo makubwa yalipoanza kuuza kwa saizi maalumu walizipa vyeo vya mabibi, Duchess inchi 24 kwa 12, Countess 20 kwa 10, Lady 16 kwa 8, na mapaa yakawa sawasawa na, kwa jicho langu, yakapooza.

Za hapa nyingi ni za zambarau zenye madoa ya kijani, rangi ya machimbo ya Penrhyn, mwamba wa zaidi ya miaka milioni 500. Katikati kuna kiraka cha za kijivu-buluu, za upande wa Ffestiniog, kazi ya mtu aliyekuja baadaye.

Sleti zenyewe hazikuchoka. Kilichochoka ni misumari ya chuma. Mwezekaji anaishika kila sleti kwa ncha za vidole, anaipiga taratibu kwa nyundo, anasikiliza. Ikilia kama kengele inarudi juu. Ikitoa sauti ya ubao imepasuka kwa ndani, inawekwa pembeni ikatwe iwe ndogo. Leo mchana nilisimama naye nikajaribu kubahatisha kabla hajapiga, kwa kutazama tu. Haiwezekani. Sleti nzuri na mbovu zinafanana kabisa mpaka uzisikie. Zinazookolewa ni karibu nne katika kila tano, isipokuwa kwenye mteremko wa nyuma, ambako mtu alipaka lami na kitambaa juu ya paa zima ili lisivuje. Pale hakuna cha kuokoa. Lami imeshikana na sleti, ukibandua inaondoka na ngozi yake. Saruji ukutani, lami juu ya paa: mkono ni ule ule, nadhani.

Chini ya sleti kuna kenchi nne za msonobari wa Baltic. Watu wengi wakiona kenchi yenye mti wa kati uliosimama hudhani mti huo umebeba paa kama nguzo. Kinyume chake. Ule mti unaning'inia kutoka kileleni, na kazi yake ni kuivuta juu ile boriti ndefu ya chini isilegee katikati. Ndiyo maana mguuni umefungwa kikuku cha chuma chenye kabari. Ingekuwa nguzo, kikuku kingekuwa cha nini? Seremala amezipiga kabari za kenchi ya pili, na boriti iliyokuwa imelegea imepanda milimita kadhaa bila kelele.

Kwenye viungo kuna namba za Kirumi zilizochanjwa kwa patasi, I, II, III na IIII. Kenchi zilikatwa na kujaribiwa chini, zikafunguliwa, zikapandishwa vipande vipande. Mwisho wa kenchi ya tatu umebadilishana na wa nne: upande wa mbele umeandikwa III, wa nyuma IIII, na kiungo kimesogezwa kwa nguvu mpaka kikakubali. Msimamizi wa siku ile ama hakuona ama alinyamaza.

Aprili. Penrhyn

Mvua tangu Jumatatu. Milima ya Eryri, magharibi yetu, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Sisi huku bondeni tumekingwa, lakini wiki hii kinga imelala. Chokaa haigusiki. Nikaenda Bangor kutazama Penrhyn.

Ni kubwa kupita kiasi. Thomas Hopper alilijenga kwa mtindo wa Kinormani kwa ajili ya George Hay Dawkins-Pennant, na tangu 1951 liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi turathi. Ndani kuna kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja, na huo ndio muhtasari wa jumba zima. Mazizi yamefanywa makumbusho ya reli za viwandani, injini za mvuke za machimboni zikisimama mahali pa farasi. Mojawapo, Charles, ilitengenezwa Leeds mwaka 1882 na kiwanda cha Hunslet. Hilo si la kuchekesha tu. Kuanzia 1801 farasi ndio waliovuta sleti za machimbo ya Penrhyn kwenye reli mpaka bandarini, na injini kama hizi ndizo zilizowaondoa kazini.

Fedha zilitoka wapi, makumbusho siku hizi hayafichi. Sleti ya Bethesda, mji wa machimbo ya Penrhyn, na kabla yake sukari ya Jamaica. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, mwenye kasri hili alilipwa fidia ya pauni 14,683 kwa watu 764 aliowamiliki. Waliolipwa ni wenye mashamba. Watu wale 764 hawakupata kitu. Mimi mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, siwezi kujifanya nimeshangaa. Majumba yetu ya mawe nayo yana hesabu zake za karafuu, pembe na watumwa. Nilipita juu ya mawe ya uani nikitazama jinsi maji yalivyopangiwa njia, kazi safi, na hesabu ile ikiwa bado kichwani. Zaidi ya miaka sitini baada ya malipo yale wachimba sleti wa Bethesda waligoma dhidi ya ukoo huo huo, kuanzia 1900 hadi 1903, na mji ule haujasahau mpaka leo.

Mei. Saruji

Paa limefungwa, popo wamerudi, tumehamia ukutani.

Ukuta wa namna hii ni kuta mbili, ya nje na ya ndani, katikati kumejazwa vifusi na chokaa. Hauzuii maji kwa kuwa mgumu. Unayaacha yaingie kidogo, halafu jua na upepo vinayatoa kupitia viungo, kwa sababu chokaa ina matundu madogo kuliko ya kuonekana. Viungo ndivyo vinavyofanya kazi ya kutoa jasho, na jiwe linabaki kavu. Ukiviziba kwa saruji maji hayaachi kuingia, maana saruji na jiwe havishikani milele. Unyufa wa unene wa unywele unatosha kabisa. Yakishaingia hayana pa kutokea ila kupitia kwenye jiwe lenyewe, au ndani ya nyumba, au kwenye ncha ya boriti.

Tumeikuta. Boriti ya pili ya dari, ile iliyo juu ya tao la kati, ncha yake iliyozama ukutani nilichoma bisibisi ikaingia mpaka mpinini. Nje, usawa huo huo, palikuwa na kiraka kinene kuliko vyote. Seremala amekata sentimita 70 na kuunga kipande kipya cha msonobari kwa kiungo cha mshazari na boliti.

Saruji tunaitoa kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kukata ingeharakisha, lakini ingekula kingo za mawe, na hizo hazirudi. Pale ambapo kiungo kilijazwa juu juu, saruji inachomoka kipande kizima na nyuma yake unakuta chokaa ya kwanza, nyeupe yenye vinundu vya chokaa ambayo haikuyeyuka na vipande vya makaa. Nimeweka vipande vitatu kwenye bahasha. Vile vinundu vinaonyesha kwamba waliichanganya ikiwa moto: chokaa mbichi kutoka tanuri, mchanga na maji pamoja, ikachemka humo humo. Nasi tunafuata hivyo hivyo, mchanga wenye changarawe kidogo, miwani machoni, glavu mpaka kiwiko.

Nilimtumia mjomba ujumbe wa sauti Unguja. Yeye amepiga lipu za chokaa maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba. Huku tunaitumia ikiwa bado inachemka."

"Marahaba baba. Inachemka? Kwani shimo la kuilowekea hamna?"

"Lipo, lakini hii ya ukutani tunaipeleka siku hiyo hiyo."

"Basi mtababua watu. Na huo mchanga, wa pwani?"

"Wa machimboni, mjomba. Hauna chumvi."

"Afadhali."

Yeye na wenzake wanapigana vita hivi hivi Mji Mkongwe. Nyumba za matumbawe na chokaa zinapakwa saruji kwa sababu inauzwa kila duka na inakauka haraka, kisha unyevu unabaki ndani na boriti za mikoko zinaoza kwenye ncha. Mawe tofauti, mvua tofauti, ugonjwa mmoja.

Kila jioni tunafunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kunywa hewa ya ukaa polepole. Upepo ukiikausha kabla inabaki unga. Msimamizi wa shamba alikuja akauliza kwa nini tunamwagia maji ukuta tuliosema una unyevu. Swali zuri. Nilimweleza, akaondoka akiwa hajaridhika.

Juni. Matao na bawaba

Jiwe la kufungia tao la kulia, lile la katikati kabisa juu, limeshuka upana wa kidole. Tao hili ni bapa, si nusu duara, kwa sababu juu yake kuna dari na hawakuwa na nafasi ya kupandisha. Tao likiwa bapa linasukuma pembeni kwa nguvu zaidi. Kwenye nguzo mbili za kati, matao yanasukumana na kutulia. Msukumo wa mwisho kushoto unapokelewa na jengo la zizi, na wa mwisho kulia unaangukia kwenye kona. Nilikuwa najiuliza kona hiyo inasimamaje. Jibu ni ile ngazi ya nje. Lile tuta zito la mawe limeegemea kona palepale msukumo unaposhuka. Msanifu aliihitaji ngazi kwa ajili ya mwendesha gari na alihitaji kitu cha kuegemeza tao, akajenga kitu kimoja. Hakuna pambo lolote kwenye kasri kule mbele linalonifurahisha kiasi hiki.

Sasa, chini ya ngazi kulikuwa na kijichumba cha mbwa, kama ilivyo kawaida ya ngazi hizi. Karne iliyopita mtu alikitanua apate pa kuweka tangi la mafuta ya kupashia joto, akatoa mawe nyuma mpaka karibu na kona. Egemeo likapungua, kona ikainama milimita 35, tao likafunguka, jiwe likashuka. Hakuna aliyeona kwa sababu nyufa zilizibwa kwa, ndiyo, saruji.

Waashi wamesimamisha fremu ya mbao chini ya tao, wakaibana kwa kabari mpaka ikabeba uzito, wakasafisha viungo na kuvifunga upya kwa vipande vyembamba vya sleti na chokaa. Jiwe la kufungia hatukulirudisha juu lote. Kona haitarudi ilikotoka, na tao likilazimishwa kukaa kama zamani juu ya kona iliyoinama litapasuka kwingine. Kijichumba cha mbwa kimerudishiwa mawe yake na kuwa kidogo tena.

Bawaba. Milango ilining'inia kwenye ndoano za chuma zilizozamishwa ndani ya jiwe na kumiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ni laini: chuma kikishika kutu na kuvimba, risasi inakubali, jiwe halijui. Kwenye tao la kati ndoano mbili zilibadilishwa kwa boliti za chuma na saruji. Kutu ilipovimba haikupata pa kwenda, mwimo ukachanika wima, urefu wa mkono. Tumeliunganisha jiwe na kurudisha ndoano kwa risasi. Kabla ya kumimina, tundu lazima likaushwe kwa moto. Tone la maji likibaki chini, risasi inarukia uso wa mtu. Kazi hiyo nilitazama kwa mbali.

Julai. Sakafu

Chumba cha magari kiliwekwa vibao vizito vya sleti, vyenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili gari lililooshwa lichuruzike lenyewe. Nje kuna mawe madogo ya kuoshea yenye mfereji katikati. Hapo ndipo kazi kubwa ya kila siku ilikuwa: gari lililorudi na matope halikuingia ndani mpaka lioshwe, maana matope yakikaukia kwenye vanishi yanaacha alama.

Kwenye tao la kulia vibao vilifunikwa zege. Magari ya petroli yalipokuja, mwendesha gari wa farasi akawa dereva na banda likawa gereji, na wakachimba shimo la kusimama fundi chini ya injini, limejengwa kwa matofali, ngazi tatu, na kijidirisha cha kuwekea taa. Zege tumelitoa, kwa kuwa unyevu wa ardhini ulikuwa unakimbilia kwenye miguu ya kuta. Vibao chini yake ni vizima, na vina mifereji miwili iliyosagwa na chuma cha magurudumu.

Mwenye mali alitaka shimo lijazwe na vibao virudishwe mwanzo mwisho. Mimi nilipinga, na afisa wa turathi wa halmashauri akasimama upande wangu. Banda hili limekaa na magari ya petroli zaidi ya miaka mia. Shimo limebaki, na juu yake kuna mfuniko wa mwaloni unaoinuliwa.

Agosti. Milango, na suala la kioo

Milango sita ya mbao. Minne imeoza chini, sentimita 30 hivi, mahali mvua inaporuka kutoka kwenye mawe ya uani. Seremala anaunga miguu mipya kwa msonobari uliotokana na vipande vya boriti tulizokata, kwa hiyo mbao ni ya umri ule ule. Chini ya rangi ya kijani ya majuzi kuna kahawia, na chini kabisa nyekundu ya udongo. Tunapaka nyekundu, rangi ya mafuta ya kitani, ambayo nayo hupumua.

Msanifu wa mteja ameleta michoro ya kugeuza chumba cha magari kuwa ukumbi wa kukodisha kwa harusi, matao yote matatu yakiwa kioo kitupu, milango itundikwe ukutani kama mapambo. Sipingi ukumbi. Jengo lisilotumika ndilo linalokufa kwanza, na Cardiff walifanya vizuri zaidi ya hapo: mazizi ya kasri yao, kazi ya William Burges ya miaka ya 1870, sasa ni sehemu ya chuo cha muziki na maigizo. Ninachopinga ni kioo usoni. Kikikaa kwenye uso wa ukuta, kitahitaji fremu ya kuzibwa kwa gundi kwenye jiwe pande zote, na viungo tulivyofungua vitazibwa tena. Halafu milango isiyofunguka si milango.

Pendekezo letu: kioo kirudi nyuma mita moja, kisimame chenyewe kwenye fremu nyembamba inayogusa sakafu na boriti tu. Milango ibaki kwenye bawaba zake, ifungue nje kama ilivyojengwa, na ikifungwa usiku jengo lionekane lilivyokuwa. Msanifu alisema mita tatu za mraba za nafasi ya kukodisha zitapotea kwa kila tao, jambo ambalo ni kweli. Mwenye mali hakusema kitu mkutanoni. Jioni alituma ujumbe mfupi kwamba tuchore.

Dari ya nyasi haimo kwenye mazungumzo kabisa. Ni ya popo.

Septemba

Ncha ya boriti iliyo jirani na ile tuliyounga ilikuwa na unyevu wa asilimia 27 mwezi Mei. Leo kipima kinasoma 19. Chini ya 20 kuvu wa kuozesha mbao hawapati nafasi, kwa hiyo tunakaribia mahali pazuri, ingawa kiangazi kimesaidia na hesabu ya kweli itasomwa Februari. Kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa kifua, mawe bado yana rangi nzito asubuhi. Ule ndio uliokaa na saruji nene kuliko kwingine, na ukuta wa unene wa sentimita 60 haukauki kwa msimu mmoja.

Viungo vya upande wa magharibi tumevimaliza. Vya mashariki, karibu mita nne juu ya zizi, tumeviacha mpaka mwakani. Usiku unaanza kushuka chini ya digrii 5 na chokaa changa ikipigwa na barafu inamomonyoka. Saa ya kile kibanda kidogo cha juu ya paa imepelekwa kwa fundi wake. Haijatembea muda mrefu na hakuna anayeihitaji, ila kibanda kikikaa bila saa njiwa wanaingia.

Milizamu ya chuma imerudishwa mbele na nyuma, isipokuwa kipande cha kona juu ya ngazi, kilicholetwa kifupi na kurudishwa kiwandani. Hadi kije kingine tumefunga bati la kuelekeza maji mbali na kona ile. Bati likaguliwe kila baada ya upepo mkali.